Karani wa Wino

Saa kumi alfajiri, darasa la nne, Kayole.
Ubaoni watoto wameacha hesabu ya kugawanya:
mia moja na nane kwa tisa.
Mwalimu Kilonzi, msimamizi wetu, akatukataza kuifuta.
"Tumekuja kuazima, si kuhamia."
Tukawaonyesha mawakala masanduku matupu,
hata kipande cha chaki hakikuwamo,
tukayatia lakiri, tukasoma nambari kwa sauti,
nami nikapewa kiti cha mwisho, karibu na mlango:
kichupa cha wino, kijiti, na vidole vya watu.

Nilidhani ni kazi ndogo.
Kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, paka ukucha,
haya, asante, anayefuata.
Ila humpaki mtu wino bila kumshika mkono,
na Nairobi hii, nani humshika nani mkono?

Mchomelea vyuma, kiganja kama msasa.
Binti wa saluni aliyeniomba nisimharibie kucha za zambarau;
nikampaka pembeni, kwa heshima ya kucha na ya sheria.
Mzee asiye na kidole hicho, kilibaki kiwandani.
Nikapaka kilichokuwa jirani yake.
Mafunzoni walitufundisha hivyo, nami nilicheka.

Saa nne mashine ikamkataa Mama Bosibori.
Kidole gumba: hapana.
Cha shahada: hapana.
Miaka ishirini na miwili anafua nguo za watu Buruburu,
sabuni imekula mistari yake yote,
na kioo kile kidogo kinasema hakuna mtu hapa.
Foleni ikaguna.
Akapangusa mkono kwa leso, akajaribu tena,
kama anayebisha hodi nyumbani kwake.
Mwalimu akamtafuta kwa nambari ya kitambulisho,
fomu ikajazwa, mawakala wakatia saini.
Alipofika kwangu alininyooshea vidole vyote kumi.
"Paka vyote, mwanangu. Nionekane."
Nikapaka kimoja.
Sheria ni kimoja.

Saa nane, Gathungu, mwenye nyumba yangu.
Ananidai miezi miwili.
Ngazini huwa nampita nikiitazama simu iliyozimika.
Leo kidole chake kimo mkononi mwangu,
chepesi, kinatetemeka kidogo; sikujua kinatetemeka.
"Jioni?" akanong'ona.
"Anayefuata," nikasema.

Usiku, kuhesabu.
Mwalimu anainua kila karatasi, anaizungusha, kushoto, kulia,
mawakala wanasinzia kwa zamu, chai imepoa chupani.
Saa saba ikaja moja isiyo na alama.
Mtu ameandika katikati, kwa mwandiko nadhifu wa shule:
*Maji yalikatika tangu Pasaka.*
Mawakala sita wakaamka kwa pamoja.
Huyu: neno "maji" limegusa mgombea wetu!
Yule: lipimwe kwa rula!
Kilonzi akaisoma mara ya pili, polepole,
kama insha anayotamani kuipa alama zote,
akaiweka kwenye rundo la zilizoharibika.
Hakuna aliyepinga.
Kwa muda hakuna aliyesema lolote,
kisha konstebo mlangoni akauliza, kama anayejiuliza,
"Kwani kwenu pia?"

Kulipokucha tulibandika matokeo mlangoni.
Nikageuka kuchukua sweta, nikaona ubaoni
mtu ameandika jibu: kumi na mbili.
Hakuna aliyekiri.

Mimi sikupiga kura.
Jina langu liko kwenye daftari la Mwingi, mkate wangu uko hapa.
Lakini mikono yangu imeiva wino hadi vifundoni,
wino wa watu mia tano sabini na mmoja,
na muuza mayai pale kona akaniangua kicheko:
"Wewe dada, ulipiga mara ngapi?"
Nikanunua mawili, ya moto.
Nilipoligeuza la kwanza kutafuta pa kulivunjia,
nikaona alama zangu juu ya ganda jeupe,
mistari yote, hata ile myembamba,
na nikasimama pale njiani nimelishika,
njaa inaniuma, silivunji.