Safu ya Mheshimiwa Famau

Mimi ndiye mwenye daftari.
Naketi chini ya Spika, nyuma ya siwa,
si ile ya shaba iliyo makumbusho,
iliyopulizwa Amu ikatoka majumbani;
hii yetu ni ya mbao, imepakwa rangi ya dhahabu,
haina tundu, haina mlio,
imelala mezani kama mgeni aliyeshiba.

Jumanne asubuhi, Mswada wa Punda:
kila punda nambari sikioni,
kila mwenye punda mia tatu kwa mwaka.
Mheshimiwa Famau Shekuwe akasimama,
akasema punda wa Amu ni raia mkongwe kuliko sisi sote.
Ukumbi ukacheka. Akaketi, akapiga Ndiyo.
Nikaandika Ndiyo.
Daftari halina safu ya kicheko.

Alasiri yake, posho za safari.
Hapo hakusimama mtu kuhutubia.
Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo,
kama tasbihi mkononi mwa mwenye haraka,
majina ishirini na moja, wino haujakauka.

Jumatano, visima vya Shela:
yajengwe mahoteli juu ya mchanga unaotuchujia maji,
au yasijengwe.
Kiti chake kitupu.
Koti limevishwa kiti, mabega yameinuka,
likisikiliza kwa niaba yake.
Yeye nilimwona dirishani, uani,
anakwenda na kurudi kivulini mwa tangi, simu sikioni.
Nikaandika: Hakuwepo.
Koti lilikuwepo. Hilo nalo halina safu.

Alhamisi.
Boti ya wagonjwa.
Boti moja, injini mbili, mkunga, mtungi wa hewa,
ikae Kizingitini usiku na mchana
kwa watu wa Pate, wa Ndau, wa Kiwayu.
Sauti zikalingana, ikabidi mikono.
“Wasemao La!”
Kumi. Nikahesabu mara mbili.
“Wasemao Ndiyo!”
Kumi,
na pale safu ya nyuma, karibu na feni mbovu,
mkono wa Famau ukapanda.

Sasa niseme nilichokiona.
Ulipanda hadi usawa wa sikio.
Vidole havikunyooka.
Palikuwa na nzi, tangu asubuhi, nzi mmoja mkaidi
aliyewasumbua wenye mafuta ya nywele.
Kisha ukashuka.

Kalamu ilisimama.
Nilimwona wifi yangu Barke, wa Ndau,
saa tisa mashuani, maji yamekupwa,
mashua imekalia tope,
naye kila uchungu ukimwachia anauliza:
yameanza kujaa? yameanza?
Mtoto tulimzika bila jina.

Kumi na moja, nikaandika.
Spika akagonga nyundo. Umepita.

Jioni alinijia mezani.
“Hebu nione.”
Akapitisha kidole jina kwa jina, kama asomaye mirathi,
kikafika kwake, kikatua.
Chuoni kwa Mwalimu Bahasani tulikalia jamvi moja;
alikuwa akichungulia ubao wangu,
nami nilikuwa nikiuinamisha kidogo, aone.
Akaniangalia kwa mato yale yale.
“Hati yako nzuri,” akasema,
akalifunga daftari kwa mikono miwili.

Ijumaa, watu wametoka swala, nilimsikia Mkunguni
akiwaambia wageni wa Faza wenye mafurushi:
“Boti ile ni mkono wangu huu. Kura moja, wallahi, moja!”
Akauinua, safari hii umenyooka,
vidole vyote vitano juani.
Wakamwombea dua.
Bibi mmoja mwenye ndoo akauliza,
“Na visima, mwanangu, ulisemaje?”
Simu yake ikalia.
Au akaifanya ilie.

Dua ya boti niliiitikia Amin.
Kisha nikapita zangu madukani,
nikanunua wino.