Utarudi

Kwanza nilizima feni.
Umeme wa Wete huvuma chini chini, mara hamsini kwa sekunde,
na kompyuta husikia vyote
isijue kipi ni mtu.

Kanda aliileta Hamad Shaame, fundi wa mafriji wa Limbani,
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Mamake alisema humo mwaka sabini na tisa,
barua ya sauti ya kwenda Dubai, kwa mumewe,
ikakosa wa kuichukua.
Salamu. Bei ya mchele. Mbuzi kazaa mapacha.
Kisha, kabla kitufe hakijaruka, neno moja:
utarudi

"Nataka kujua," akasema Hamad,
"aliuliza, au alijua?"

Je hakuitia. Silabi ni zile zile nne.
Tofauti yote imo katika kidatu.

Nikalikata neno vipande vyembamba kama kachumbari.
Kila kipande nikakitolea nakala, nikaiteleza juu ya chenyewe
kama unavyolinganisha kanga mbili, pindo kwa pindo,
mpaka maua yalaliane.
Hapo unapima: umesogea kiasi gani?
Ndivyo nyuzi za koo zinavyohesabiwa.

U: mia na themanini.
Kwenye t mstari ukakatika, nyuzi zimelala, ni pumzi tu.
A ikaamka mia na tisini na tano.
Ru, penye mkazo: mia mbili na kumi.

Di.
Di ilikwaruza.
Pengine kikohozi, pengine utepe umeliwa na unyevu,
pengine jambo ambalo si langu.
Na ua linalooana kwa hatua moja
huoana pia kwa hatua mbili,
basi kompyuta ikanipa majibu mawili:
mia mbili thelathini na sita,
au nusu yake.
Juu, anauliza.
Chini, anajua.

Kuna namba moja huiweka mwenyewe,
faini ya kuruka:
koo la mtu halichupi ovyo,
kwa hiyo njia inayochupa hutozwa.
Nikaikaza faini, Bi Mkasi akauliza.
Nikailegeza, Bi Mkasi akajua.
Nikaikaza tena.

"Faini yenyewe shilingi ngapi?" Hamad akacheka,
kisha akaacha kucheka.
Nikamwonyesha pa kubonyeza: nyuma, mbele.
Kidole chake, chenye kovu la gesi,
kikakaa juu ya kibao
muda wa kuchemsha chai.

"Washa feni bwana, joto," akasema.

Tukaisikiliza mara ya mwisho hivyo hivyo,
neno limezama ndani ya mvumo,
vidatu viwili, au vitatu, sijui.
Akairudisha kanda koponi, akafunga kifuniko kwa kiganja.

Kwenye daftari, mbele ya jina la mamake,
nimeliandika neno
bila nukta, bila kiulizo