Matuta

Karani wa duka la fedha, Barabara ya Moi,
ameisukuma sarafu yangu chini ya kioo kwa kidole kimoja
kama anayemrudishia mtoto jino lililong'oka.
"Noti tu, dada. Sarafu hatununui."

Faranga hamsini za Rwanda. Upande mmoja, bunzi la mhindi.
Nimeitia mfukoni, nikapanda Ngara kwa miguu.

Vichwa arobaini na kimoja, basi.
Ndivyo nilivyosafiri. Wengine wana mjomba Minnesota,
wana baba mwenye kadi ya benki;
mimi nina vidole kumi na kichana cha mkia
na kitanda cha chini, chumba ishirini na tatu,
ambapo tangu Januari wasichana wameketi sakafuni,
mabega yao katikati ya magoti yangu,
wakilalamika: unavuta, Mwende, unavuta.

Nilikuwa na daftari. Sikuandika shilingi, niliandika njia.
Kichwa cha Nafuna, matuta sita ya kurudi nyuma: Nakuru.
Cherop, nywele nzito, saa nne na nusu,
stima ikapotea tukamalizia kwa tochi ya simu: Eldoret.
Nyaboke alilipa nusu, na nusu ile nyingine
mpaka leo ni hadithi;
kwa hiyo kuna kipande cha barabara karibu na Malaba
ambacho, kwa haki, nilipaswa kukitembea.

Mama, kwa simu: "Huko Rwanda kuna nini?"
Sijui, Mama. Ndiyo maana.
Akanyamaza sana, kisha akaniuliza kama nina sweta.

Mpakani kitambulisho kilitosha.
Afisa alikitazama, akanitazama, akairudia ile picha
ya miaka kumi na minane, kichwa kimenyolewa, sheria za shule.
"Ni wewe?"
Ni mimi, nikasema. Kabla.

Asubuhi ya pili basi lilipinda kona, nikaviona:
vilima, kimoja nyuma ya kingine,
vimepigwa matuta kutoka utosini hadi kisogoni,
mistari imenyooka, hakuna unywele uliotoroka.
Nikacheka peke yangu. Jirani yangu akahama kiti.
Nilitaka tu kumuuliza ni nani aliyesuka hapa,
na mlima uliketi muda gani
bila kulalamika.

Kigali nililala chumba cha vitanda vinane.
Nilikula mkate na parachichi. Siku ya tatu, parachichi.
Ile kahawa yao inayosifiwa niliinusa kutoka barabarani,
bei ikiwa upande wa ndani.

Aliyekuwa akifagia pale, Uwera,
aliweka ufagio ukutani, akagusa nywele zangu, kisha zake.
Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni,
Kinyarwanda changu hakikuwepo.
Akaketi chini. Magoti yangu yakajua la kufanya.
Kichwa cha arobaini na mbili, na katikati ya tuta la tatu
alisema neno ambalo sikuwahi kulisikia maishani
na nikalielewa: unavuta.
Alinilipa parachichi. Parachichi!
Na sarafu zote alizokuwa nazo. Hii ndiyo iliyobaki.

Nyaboke ananingoja mlangoni na pakiti mbili za nywele.
"Safari hii nalipa yote," anasema, bila kuniangalia.
Naitumbukiza sarafu katika kopo la vibanio.
Inalia mara moja, inatulia.
Nje mtu anaanua nguo mbiombio;
mvua inakuja kutoka upande wa Parklands.

Anaketi. Anavuta shingo, anaitega.
"Hiki changu kinakwenda wapi?"

Naupitisha mkia wa kichana polepole, kutoka kwenye paji,
mpaka njia ya kwanza inafunguka, nyeupe, nyembamba.
Inama, namwambia.
Bado sijafungua ramani.