Fundo

Kila Alhamisi, kabla watalii hawajaingia,
nachukua ngazi fupi na brashi ya singa za mbuzi
nikapanguse mlango wa maktaba
katika kanisa kuu la Rochester.

Wamesimama hapo wanawake wawili wa mawe.
Mmoja ana taji, na kanisa dogo mkononi
kama mtu aliyebeba keki ya harusi.
Wa pili amefungwa kitambaa machoni,
fimbo yake imevunjika,
mbao za Torati zinamponyoka.

Mwaka wa kwanza nilidhani ni Haki,
yule wa mahakamani, aliyeibiwa mizani.
Bwana Pettigrove, mshika funguo, akanisahihisha:
"Huyo ni Sinagogi. Kipofu. Hakumtambua Mwokozi."
Alisema vile mtu anavyotaja bei ya mkate.

Nikapanda ngazi, nikamtazama kwa karibu.
Kipofu hafungwi kitambaa.
Hufungwa macho yanayoona.

Nami nilikuwamo katika kumfunga.
Miaka tisa, kigango cha Lituhi, Ijumaa Kuu,
katekista Gaudensi akitugawa: wewe Pilato, wewe Petro,
na nyinyi wa madawati ya nyuma, Wayahudi.
Kazi yetu neno moja: Asulubiwe!
Nilipaza hadi koo likakauka.
Nikasifiwa. Nikapewa peremende ya mnanaa.
Myahudi sikuwa nimemwona hata mmoja,
ila Mariamu, tuliyemwimbia Mei nzima,
na hakuna aliyetuambia alikuwa binti wa nani,
wala mwanawe alilia kwa Zaburi za nani pale msalabani.

Fundi alichonga fundo.
Fundi alipewa fundisho.
Fundisho lilikuwa na fundo lake moyoni, la kale kuliko jiwe:
kwamba Agano jipya halisimami
mpaka la zamani lilale chini;
kwamba waliosema "hapana" wabaki hai
lakini watangetange, wawe ushahidi.
Hayo yalihubiriwa kwa sauti tamu, na watu wazuri,
waliowalisha maskini na kulia wakisali.
Kisha neno likashuka ngazi za mimbari,
likatoka nje, likapata mikono.
Likawa kitambaa kifuani, umbo la mbao mbili,
kwa amri ya mfalme.
Likawa kuni.
Mwaka elfu moja mia mbili na tisini likawa meli,
wazee na vichanga, nchi nzima, nendeni.

Mlango huu ulichongwa nusu karne baadaye.
Fundi naye, labda, hakuwahi kumwona hata mmoja.
Alichonga kama nilivyopiga kelele,
kwa bidii.

Mwezi Machi alikuja bibi wa kutoka Chatham, Freda Lasker,
jina aliniambia mwenyewe, akinishikia ngazi isiyumbe.
Mjukuu wake, Asher, akauliza: "Huyu anacheza kujificha?"
Bibi akakaa kimya kidogo.
"Ndiyo," akasema. "Ila amehesabu muda mrefu mno."

Nilitaka kumwambia pole.
Kiingereza hakina pole. Kina lile neno
wanalokupa wakikukanyaga kwenye treni.
Nikalisema hilohilo.
Akanitazama, mimi na ndoo yangu,
akasema maji yamepoa, nikabadilishe.

Vumbi hupenda fundoni.
Nasugua, linatoka; Alhamisi ijayo limerudi.
Jiwe halilegei.

Ijumaa Kuu mwaka huu tulisoma Mateso kwa kupokezana,
kama kawaida, waumini wote ndio umati.
Tulipofika mahali petu
nilifumba mdomo.
Jirani yangu wa benchi, mama mpole wa maua,
alidhani nimepotea.
Akasogeza kitabu chake magotini pangu,
akaliwekea kidole lile neno,
akasubiri.