Pima Mlango Kwanza

Mjomba Bwanaheri alinunua kabati Mombasa,
milango mitatu, kioo cha mtu mzima.
Likafika gatini salama, likapita Langoni salama,
likakwama kwenye kona ya nyumba ya Mwana Zena
siku mbili, watu wakipita ubavu ubavu
wakijitazama kiooni, wakirekebisha kofia.
Halikuwa kabati baya.
Alisahau kupima ndiya, basi.

Namkumbuka mjomba usiku huu
ofisini kwa wakfu, Mkomani, ghorofani,
mbele ya mashine aliyotuachia Shali Mahadhi
kabla hajahamia Maskati.
Mfumo wake si ule wa madukani.
Wanaoutumia duniani, naambiwa,
ungewakalisha wote pale Mkunguni
na viti vikabaki.
Lakini miaka kumi na mmoja haijazimika kwa hiari yake.
Hewa ya chumvi imekula kompyuta tatu za kisasa,
hii ipo, inahesabu kodi za maduka,
minazi ya Matondoni, taa za msikiti.

Sasa nataka kuiandikia daftari jipya,
na sharti nipate lugha itakayokubali kuishi humu.

Ya kwanza nzuri, kila kijana anaisifu.
Nikaitafuta injini yake: orodha ndefu ya mifumo,
wetu haumo. Hata kwa matusi haumo.
Ya pili ipo, toleo la mwaka juzi.
Inawaka, inanguruma, kisha inaomba kumbukumbu zaidi
kama mgeni anayeuliza kiyoyozi kiko wapi.
Famau, fundi wa simu, akaniambia:
"Bi Swafiya, itupe hiyo. Weka mfumo wa watu."
Wa watu.
Nikamuuliza, na sisi ni nani?

Maana simu yangu nikiandika ndiya
hunipigia mstari mwekundu, hunisahihisha: njia.
Nikiandika mui, haijui nimetoka wapi.
Nimezoea kuishi nje ya orodha.
Punda nao hawamo katika orodha ya magari,
na saruji ya nyumba hii, mfuko kwa mfuko,
ilikuja mgongoni mwao.

Ya tatu ndogo. Haina mbwembwe.
Maelezo yake kurasa themanini, nimeyachapa,
haya hapa, yamemwagikiwa chai.
Yuko mama mmoja, Jorunn, wa nchi ya baridi,
ndiye huirekebisha kila toleo ili iende kwenye mfumo wetu.
Hakuna mwingine.
Nilimwandikia kosa: tarehe za Hijria
zinatangulia siku moja.
Akajibu kabla ya alfajiri:
nieleweshe, mwezi mnauhesabu au mnauona?
Nikacheka peke yangu.
Hata hapa hatujakubaliana.

Nimeichagua kwa swali hilo.
Si kwa kasi, kasi yake hupitwa na punda wa Kombo.
Si kwa wingi wa maktaba zake,
nyingine nitaziandika kwa mkono.
Na najua: mama yule akiugua, au akichoka tu,
nitabaki na kabati langu konani.
Ndiyo maana najifunza kuijenga mwenyewe
tangu msimbo mtupu.
Herufi zinateremka kiooni, saa ya tatu sasa.
Umeme wa mtaa umekatika, betri imeshika.
Asilimia sitini na mbili.
Famau, aliyesema ataondoka saa nne,
amelala mkekani, kiatu kimoja mguuni.
Sitini na mbili bado.

Mjomba alilifungua kabati lile
parafujo kwa parafujo, akalibeba ubao kwa ubao,
akaliunga upya chumbani.
Mlango mmoja mpaka leo haufungi sawasawa.
Nguo zake zimo.