Chini ya Kiti cha Gocha

Lilianza kunichezea mwezi wa Juni,
theluji ikiwa bado imeketi kando ya barabara ya Abano
kama mgeni asiyejua kuaga.
Kwenye tambarare halikuwa na neno, mwendo wa bwana harusi.
Lakini kona ya saba, pale mlima unapoanza kudai chake,
nikanyage mafuta, linanyong'onyea.
Injini inaguna, eksozi inatema moshi mweusi,
lori la kondoo linanipita.
Kondoo wananitazama.

Gocha, shemeji yangu, kwenye kiti cha abiria,
ana jibu kabla ya swali:
"Ni hewa, Ketino. Huku juu hewa nyembamba.
Tena ninyi wanawake mnakanyaga kwa woga."
Nyuma nina jibini iliyoshonewa ndani ya ngozi
na Wajerumani wanne wanaotapika kwa adabu,
mfuko mmoja, wakipokezana.

Jumber, fundi wa Alvani, alifanya cha kufanyika.
Filta ya hewa, mpya. Filta ya dizeli, mpya.
Tangi akalisuuza, nozeli akazipeleka Telavi zikapimwe.
Akawasha, akainamisha kichwa, akasikiliza
kama daktari aliyeitwa usiku akamkuta mgonjwa anakula.
"Zima," akasema. "Halina kitu."
Lari mia tatu na arobaini.
Likapanda hadi kona ya saba, likakata tamaa palepale.

Sikulala.
Nikawaza: tunalisimamisha uani, halina mzigo,
halina mlima, tunaliuliza, hujambo?
Nalo linajibu, sijambo.
Nani kati yetu hajawahi kujibu hivyo?

Asubuhi nikamwambia Jumber,
tusiliulize limeketi. Tuliulize likiwa kazini.

Delika ya zamani huficha injini chini ya viti.
Tukamteremsha Gocha, akanuna,
tukang'oa kiti chake, tukakiacha kwenye nyasi naye juu yake.
Jumber akashika usukani. Mimi nikapiga magoti
juu ya shimo lile la joto, tochi mdomoni,
nywele nimezifunga zisije zikaliwa na feni.

Kona ya tano, hakuna.
Ya sita, mkanda unalia kidogo, si hoja.
Ya saba Jumber akakanyaga
nami nikaiona.

Hozi ya mpira, ile inayotoka kwenye filta kwenda kwenye turbo,
ilijifinya. Ikabonyea katikati, ubavu ukagusa ubavu,
kama midomo ya mtoto aliyekataa dawa.
Turbo inavuta, hozi inajiziba.
Inavuta kwa nguvu zaidi, inajiziba zaidi.
"Achia!"
Akaachia. Ikajaa, duara, nzima, haina hatia.
"Kanyaga!"
Ikafumba.
Nilicheka hadi tochi ikadumbukia ndani.

Mvuke wa oili ulikuwa ukiilamba kwa ndani miaka na miaka,
ukiilainisha taratibu, bila kelele,
na miezi yote hiyo shemeji yangu ameikalia
akinifundisha habari za hewa.

Jumber akakata hozi ya trekta lililokufa nyuma ya gereji,
hozi ngumu, yenye waya uliozungushwa ndani kama mbavu.
Klipu mbili, bisibisi, robo saa.
Kisha akalizibua bomba la pumzi la injini
lisiendelee kutema oili kule,
"la sivyo na hii tutaizika."
Alisema hataki pesa. Nikampa jibini.
Akachukua jibini, halafu akachukua na pesa.

Jumamosi. Kona ya saba, gia ya pili.
Mguu wenyewe ulisita, umezoea kukataliwa.
Nikakanyaga.
Likavuta. Mungu wangu, likavuta,
changarawe zikaruka, jibini ikasogea nyuma,
lori la kondoo likabaki kuwa vumbi kwenye kioo.

Gocha kimya. Kona ya nane, ya tisa, kimya.
Juu kabisa, penye theluji,
akashusha dirisha, akatoa pua nje, akanusa.
"Leo," akasema,
"hewa imeshiba kidogo."