Usiku wa Kucha

Vua soksi, Nevzat. Nimeshasema.
Miaka minne unatawadha umenipa mgongo,
komeo ndani, kama mtu anayehesabu pesa za wizi,
na Ijumaa msikitini unapangusa juu ya soksi za ngozi
hata Julai, Zonguldak nzima ikivuja jasho.
Wazee wenzako wanadhani ni uchaji.
Mimi ninayefua ndiye ninayejua:
vumbi la njano kwenye ncha za soksi,
kama unga uliosahauliwa ghalani.

Miaka ishirini na sita chini ya ardhi,
buti la mpira, maji hadi kwenye vifundo,
kisha bafu moja la watu sitini,
sakafu vuguvugu, utelezi, wayo juu ya wayo.
Shimo lilikupa pensheni, likakupa kikohozi.
Hili la tatu hukulitilia sahihi.

Ukajifanya mganga.
Siki, ndani ya beseni langu la mchele (nimelitupa).
Kitunguu saumu. Mafuta ya taa, nilipokwenda kwa dada.
Mwisho kisu cha kukatia ngozi, na damu kwenye zulia.
Ukucha haukujali,
ulinenepa, ukapinda kama pembe ya mbuzi,
ukawa unamong'onyoka pembeni.

Na kidole gumba cha kushoto kina doa jeusi.
“Makaa ya mawe,” ulisema. “Yaliingia, yakapapenda.”
Nilicheka nawe.
Usiku sikulala.

Daktari Nilgün ana umri wa kitinda mimba wetu.
Alikishika kisigino chako mikono miwili, bila kukunja pua,
nawe ukatazama dari kama bwana harusi.
Akakata kipande, akakitia kichupani:
“Si kila ukucha wa njano una kuvu.
Mwingine umebanwa na kiatu, mwingine ni ugonjwa wa ngozi,
mwingine umezeeka tu. Vidonge bila kipimo
ni ngumi ya gizani.”

Majibu yakaja: kuvu.
Damu kwanza, tujue ini linasemaje,
kisha kidonge kila siku, miezi mitatu.
“Nitapona lini?”
“Ukucha wa mguu hauna haraka, mzee.
Mwaka. Pengine na nusu.”
Ulisonya. Wewe, uliyengoja siku mbili
nyuma ya ukuta ulioporomoka, ukigonga bomba kwa jiwe.

Lakini juu ya lile doa aliinama na lenzi, akanyamaza.
Nilihesabu vigae. Kumi na tisa, kimoja kina ufa.
“Uliangukiwa na kitu?”
“Hapana,” ukasema.
Mtungi wa gesi, nikasema mimi, mwezi wa tatu,
ukatukana hadi jirani akafunga dirisha.
“Kama ni damu, itasafiri na ukucha.
Kama ni kitu kingine, kitakaa palepale
au kitatambaa hadi kwenye ngozi.
Leo napiga picha. Wiki sita, mrudi.
Kikipanuka kabla, msingoje.”

Wiki sita, Nevzat.
Watu husema usiku kucha, wakimaanisha hadi alfajiri.
Mimi nilikuwa na usiku wa kucha:
wewe unakoroma, mimi nimefunua blanketi,
tochi mdomoni, futikamba ya cherehani mkononi,
napima kutoka kwenye ngozi hadi kwenye weusi.
Hakuna. Hakuna.
Unywele mmoja, labda. Labda macho yangu.

Wiki ya tano, milimita mbili.
Kati ya ngozi na doa, kipande cheupe
chembamba kama mwezi mwandamo,
waridi kwa chini, ukucha wa mtoto.
Nikapima tena. Nikakuamsha kwa kukufinya.
“Nini? Shimo limeanguka?”
“Linatembea,” nikasema. “Doa lako linatembea.”
“Nilikwambia,” ukasema, ukageukia ukutani,
wewe uliyeapa ni makaa.

Nne bado ni za njano. Vidonge vimebaki arobaini.
Soksi nazichemsha, buti nimelipa jalala,
na daktari bado anataka kuona kwa macho yake.
Basi amka, kumekucha.
Usivae kitu. Pita hapa sebuleni peku,
mbele ya wajukuu,
nikuone unavyokanyaga.